Jicho Refu na Jicho Pana

Asubuhi ambayo Hemedi alitakiwa kuchagua kati yangu na ndovu, nilivaa gauni langu la samawati, nikajipaka mafuta mpaka kwenye visigino, kisha nikaapa mbele ya kioo kwamba sitasema neno hata moja. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha sita, nangoja matokeo. Maisha ya bweni yalikuwa yamenifunza mambo mawili makubwa, kula upesi na kulia bila sauti, na siku ile nilikuwa tayari kwa yote mawili.

Balaa lenyewe lilikuja ndani ya sanduku la ngozi. Mjomba Salim, kaka yake mama Hemedi, alisafiri nalo kutoka Mombasa, barua yake ikiwa imetangulia wiki nzima, akaliweka juu ya meza ya studio ya Hemedi pale sokoni Mutomo, akalifungua mbele yetu polepole kama daktari anayefungua bendeji. Ndani, juu ya kitambaa chekundu, zililala lenzi mbili za kamera. Moja ilikuwa ndefu na nzito kama mguu wa meza. Ya pili ilikuwa fupi, imetoa jicho mbele kama chura.

"Mzungu mmoja alikuwa akirudi kwao, akaniachia hizi," alisema Mjomba Salim. "Moja ni yako, mwanangu, zawadi yangu. Nyingine narudi nayo, ina mtu wake Mombasa. Chagua. Lori la mchana lisije likaondoka bila mimi."

"Mchana wa leo, mjomba?" aliuliza Hemedi.

"Wa leo. Mtu akipewa siku nyingi za kuchagua, mwishowe huoa jirani." Kisha akanitazama mimi, ambaye ni jirani, akasema, "Binti, sikukusudia wewe."

"Hapana, mjomba, umenikusudia kabisa," nilisema, na hapo kiapo changu kikawa kimevunjika kabla ya saa tatu.

Msomaji asiyejua mambo ya kamera anaweza kudhani hiki kilikuwa kitu kidogo. Hakikuwa kidogo. Kamera ya Hemedi ilikuwa na lenzi moja tu, ile ya kawaida, inayoona kama sisi tunavyoona. Hoteli moja ya watalii kule Tsavo ilikuwa imemwambia kwamba siku atakayokuja na lenzi ya kuvuta mbali atapewa kazi ya kupiga picha za wanyama, na chumba cha kulala juu yake. Kwa hiyo aliyechukua lenzi ndefu alikuwa amechukua Tsavo. Aliyechukua lenzi pana alikuwa amechukua harusi za Mutomo, watoto wa shule za Ikutha, kwaya, na mazishi. Na mimi. Ila hakuna mtu aliyelitaja jina langu, na mimi ningekula sabuni kuliko kulitaja.

Tena kulikuwa na baba. Baba yangu, Mzee Ndeti, alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa fimbo na kofia, na alikuwa na pingamizi mbili juu ya Hemedi. Ya kwanza ni dini, na hiyo aliitaja mbele za watu. Ya pili ilikuwa ni kiatu, na hiyo aliinyamazia, kwa hiyo ndiyo iliyokuwa kubwa.

Siku ya kufungua kanisa jipya, Hemedi aliitwa kupiga picha ya waumini wote. Alirudi nyuma, akarudi tena, mpaka mgongo ukaingia kwenye ua wa miiba, na bado watu hawakuenea. Baba alikuwa amesimama mwisho wa mstari, kwa sababu mwenye boma hukaa mlangoni, asiyekuwa na boma ndiye anayesukumana katikati. Picha ilipotoka, walionekana wote. Alionekana hata mbwa wa mwinjilisti. Ukingoni kabisa, upande wa kushoto, kilionekana kiatu kimoja cha baba na nusu ya fimbo.

Picha ile ilitundikwa kanisani, na kila Jumapili baba alihubiriwa akiwa anakitazama kiatu chake. Tangu siku hiyo akawa anamsemesha Hemedi kwa Kiswahili. Hemedi amezaliwa Mutomo, na Kikamba chake kina methali nyingi kuliko changu, lakini baba alishikilia Kiswahili makusudi, ili kijana asisahau kwamba babu yake alitoka pwani. Naye Hemedi, kwa adabu ya kuudhi, akawa anajibu kwa Kikamba.

Basi tukapanda mlima ulio nyuma ya kwetu ili lenzi zijaribiwe. Mjomba Salim alikuja kama mlinzi wa heshima zetu. Alifika nusu ya mlima, akaketi juu ya jiwe, akafuta jasho, akasema heshima zetu zinaonekana vizuri kutoka pale.

Njiani tulipishana na kina mama waliotoka mtoni. Kila mmoja alipoiona ile lenzi ndefu alijifunika leso mpaka kidevuni. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba lenzi ile huona kupita nguo. Ni nani aliyeuanzisha sijui. Mimi nilichofanya ni kuufikisha Ikutha.

"Kalu," Hemedi aliniambia, "hawa ni wateja wangu."

"Wateja wa nini? Si unaenda kupiga picha ndovu? Wale hawana nguo."

Nilimtazama kwa pembe ya jicho. Alikuwa na shingo ndefu na kovu dogo chini ya sikio, na alipokuwa akifikiri alilishika lile kovu kama mtu anayetafuta funguo. Nililitamani kovu lile kwa namna ambayo mwalimu wetu wa bweni angeniombea.

Kileleni alianza na ile fupi. Aliizungusha mpaka ikalia tiki, akanipa kamera. Nilitazama, nikaona dunia nzima imekubali kuingia mahali pamoja. Paa za hospitali ya misheni, soko, mbuzi waliotapakaa kama njugu, njia nyekundu ya kwenda Ikutha, na chini kabisa ya picha, vidole vyangu mwenyewe ndani ya kandambili.

"Inameza kila kitu," nilisema.

"Inameza, lakini haisogezi chochote. Ukitaka uso wa mtu, lazima umwendee wewe mwenyewe. Tena ukae karibu mpaka akusikie ukipumua."

"Na waliosimama pembeni?"

"Wanaonekana. Ila huwanenepesha kidogo." Akacheka. "Kila kitu kina tabia yake."

Kisha akaitoa, akafunga ile ndefu. Uzito ulimvuta mikono chini, ikabidi alale kifudifudi na kuiegemeza juu ya jiwe. Alitazama kwa muda mrefu. Aliponigeukia, macho yalikuwa na maji.

"Njoo uone," alisema kwa sauti ndogo, kama tuliokuwa kanisani. "Njoo uone, Kalu."

Nililala kando yake. Mwanzoni niliona ukungu wa kijani. Akanishika kidole, akakiweka juu ya pete ya lenzi, akakizungusha pamoja nami, na ghafla ukungu ukawa mbuzi. Mbuzi huyo alikuwa mlima wa pili, mahali ambapo kwa macho yangu ya kuzaliwa niliona nukta tu. Sasa niliona akitafuna. Niliona jani likiingia upande mmoja wa mdomo. Niliona nzi akitua juu ya kope yake, na kope ikipepesa.

Mimi, ambaye niliwahi kumcheka askofu, nilirudia kutazama.

"Sasa fikiria ni ndovu," Hemedi alininong'oneza. "Anakutazama kwa mbali hivyo, naye hajui kama upo. Unaziona kope zake."

"Ndovu wana kope?"

"Ndefu kuliko zako."

"Basi nenda ukampose. Mahari utapeleka nyasi."

"Kalunde."

Hakuwa na kawaida ya kuniita jina zima. Sikuondoa jicho kwenye kamera, maana hapo ndipo mahali pekee ambapo angeshindwa kuona uso wangu.

"Ukiniambia nibaki, nitabaki," alisema.

"Sikuambii."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimeiona kope ya mbuzi." Nilikohoa. "Mtu akitaka kuona vitu kama hivi kila siku, halafu mimi nimwambie abaki apige picha za kwaya, atanichukia polepole. Nitakuwa mzee, nimenenepa pembeni, na bado atakuwa ananichukia polepole."

Ili nisilie nikaanza kuizungusha lenzi ovyo, nikashuka nayo kutoka kwa mbuzi mpaka kwenye miiba, kutoka kwenye miiba mpaka kwenye mchanga mweupe wa mto wetu usio na maji juu. Pale, kando ya shimo la kuchotea, niliona kofia ninayoijua.

Ni lazima nieleze jambo moja. Punda wetu alikufa katika ukame wa mwaka wa themanini na nne. Tangu hapo mama alibeba maji mgongoni kwa mukwa, ule mkanda wa ngozi ambao wanawake wetu huupitisha kichwani mzigo ukining'inia nyuma. Jerikani ya mama ilikuwa kubwa kuliko za wote, na bado alifika nyumbani wa kwanza, bila kuhema. Mutomo nzima iliisifu shingo yake. Muthoki, jirani yetu, alisema shingo ile ilifaa kuvuta plau. Baba, kwa upande wake, aliamka mapema kila siku ya kazi, akachukua fimbo na kwenda kukagua mipaka ya shamba. Tulidhani mipaka yetu inahamahama.

Ndani ya lenzi, baba alivua kofia akampa mama. Akampa na fimbo. Akachuchumaa kwenye mchanga, akaupitisha mukwa juu ya kichwa chake kilichoanza upara, mahali pale pale ambapo mwanamke huupitisha, akaegemea mbele na kuinuka na ile jerikani mgongoni.

Kwetu mwanamume hubeba begani, au kwa punda, au kwa baiskeli. Mwanamume aliyeonekana na mukwa kichwani angetungiwa wimbo, na wimbo huo ungeimbwa mpaka Kyuso. Na huyu alikuwa Mzee Ndeti, aliyenichapa kwa kupiga mbinja ndani ya nyumba.

Walikuja kwa njia ya nyuma ya miiba, isiyopitwa na mtu. Mama alitembea mbele akizungusha fimbo ya baba kama msichana. Kofia ya baba ilikuwa kichwani mwake, imeinama upande. Alisema kitu, akageuka kumtazama. Baba, amepinda chini ya mzigo, shingo imemtoka mishipa, alicheka. Sikusikia sauti, mbali ile. Niliona meno tu. Katika maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kuyaona meno yale ya nyuma ya baba yangu.

"Nini?" Hemedi aliuliza. "Kalu, unalia nini?"

Nilimpisha. Alitazama. Niliona mgongo wake ukinyooka polepole, kisha ukatulia kabisa.

Walipofika kwenye kona ya mwisho, kabla ya nyumba ya Muthoki, hata kwa macho matupu niliona nukta mbili zimesimama. Hemedi alinisimulia kwa kunong'ona. Mzee anaushusha mzigo. Anamvisha mama mukwa, anaufuta kwanza kwa shati lake. Mama anampangusa alama kwenye kipaji. Anamrudishia kofia.

Kofia ile baba hakuivua nyumbani hata kwenye joto la Februari. Aliivua kanisani tu, na Jumapili hayachotwi maji.

"Umepiga?" nilimuuliza.

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Kilikaa pale muda ambao nadhani nilizeeka. Ninakiri kwamba akili yangu ya bweni iliamka, ikaniambia kwa unyenyekevu kwamba picha moja tu ya namna hiyo, ikiwekwa kimya juu ya meza ya chai, ingemaliza maswali yote ya dini na kiatu. Nilifungua mdomo. Sikujua kama nitasema piga au usipige.

Hemedi aliondoa kidole. Kule chini baba alikuwa ameinua uso, anautazama mlima. Jua lilikuwa limeipata lenzi, na kioo chake lazima kilimulika kama bati jipya.

"Ametuona," nilisema.

Nilishuka mbio bila kumngoja. Nyuma yangu nilimsikia Hemedi akifungafunga vitu vyake, halafu sauti ya Mjomba Salim ikiuliza jambo. Sikugeuka. Nilikuwa na hakika kwamba niliyempenda ameshaiona kazi yake ya maisha, na kwamba ilikuwa na kope ndefu.

Baba alitungoja langoni peke yake, mikono nyuma, kofia imekandamizwa mpaka kwenye nyusi. Hemedi alifika akihema, kamera shingoni, imefunikwa na koti.

"Wewe kijana," baba alianza kwa Kiswahili. "Kuna kitu iling'aa huko juu."

"Ilikuwa lenzi, mzee," Hemedi alijibu kwa Kikamba.

"Nasikia inaona kupita nguo."

"Hapana, mzee. Huo ni uongo wa watu wa Ikutha."

Baba alinitupia jicho, nami nikawaonea huruma sana watu wa Ikutha.

"Basi inaona mpaka wapi?"

Ningekuwa mimi, ningesema mpaka sokoni. Ningesema mawingu yalikuwa mengi. Nilikuwa na uongo saba tayari ulimini, wote mzuri. Hemedi alilishika lile kovu lake, akaliachia.

"Mpaka mtoni, mzee."

Kuku alipita kati yetu. Baba alimtazama mpaka akatoweka.

"Ukapiga?"

"Sikupiga."

"Kwa sababu?"

"Hukuwa umesimama kwa ajili yangu."

Alama nyekundu ya mukwa ilichungulia chini ya ukingo wa kofia, na mkono wake ukapanda kuifunika, ukakata tamaa njiani.

"Lete niione hiyo kitu," alisema mwishowe.

"Sinayo, mzee. Nimemrudishia mjomba. Inaondoka kwa lori."

Niligeuka kwa nguvu hata kandambili moja ikabaki nyuma. Hemedi alikuwa amelifungua koti. Kwenye kamera, fupi na nono, lilikaa lile jicho la chura.

"Hemedi," nilisema. "Utajuta."

"Nitajuta. Kila nikiona kinyago cha ndovu dukani nitajuta." Alinitazama mimi, lakini aliyasema kwa sauti ya kumfikia baba. "Leo nimeona watu wawili kwa mbali, na ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona, na sikuwa na haki nacho. Nataka kuona vitu vya namna hiyo nikiwa nimekaribishwa."

Mimi, na mdomo wangu wote, nilisimama nikiwa na kandambili moja.

Baba alikikazia macho kile kioo kilichovimba. "Siku ile ya kanisani, kama ungekuwa na hii?"

"Ungetoka mzima, mzee. Viatu vyote viwili. Na fimbo."

Baba aliingia ndani. Tulisikia sanduku la nguo likifunguliwa. Alitoka na koti la Jumapili na viatu vya Jumapili, na wakati huohuo mama, aliyebaki nyuma ili wasionekane pamoja, akaingia langoni na jerikani mgongoni, hahemi hata kidogo, shingo yake maarufu imenyooka. Nyuma ya ua, Muthoki alikuwa akianua pojo na kusikiliza kwa bidii.

Baba alisogea pembeni ya ukuta, mahali pa mwenye boma.

"Lenzi hii humnenepesha anayesimama ukingoni," Hemedi alisema. "Ingia katikati, mzee."

"Katikati ni pa nani?"

"Pa mama."

"Basi tutagawana." Akamkazia macho. "Sikia, wewe kijana. Mambo ya dini hayaishi kwa picha. Lakini viatu vyangu vikitoka vyote viwili, mlete mama yako tukae, tuyaongee yote."

Mama alikuwa bado na mzigo. Aliinama ili aushushe mwenyewe, kama alivyofanya kila siku watu wakitazama. Baba akamzuia. Aliushika mukwa kwa mikono miwili, akauinua kutoka kichwani mwake kwa upole, akaupokea mzigo kwa goti na kuuweka chini bila tone kumwagika, kwa ustadi ambao mwanamume hawezi kuwa nao kwa kubahatisha. Pojo za Muthoki zilimwagika zote.

"Baba Kalunde," mama alinong'ona, "watu."

"Nawaona," alisema baba.

Akavua kofia. Akasimama kando ya mama, alama ikiwaka kwenye kipaji, mukwa bado mkononi. Mama aliniita kwa kidole, nami nikaenda nikajipachika upande wa pili.

Hemedi aliinua kamera. Kwa mazoea ya miaka yote ya lenzi ya zamani alianza kurudi nyuma, hatua baada ya hatua, kuelekea kwenye miiba.

"Unarudi nyuma unaenda wapi?" baba alimwambia, na sote tulinyamaza, hata Muthoki, kwa sababu alikuwa amemwambia kwa Kikamba. "Sogea karibu."